Pembe ya Sekunde Tatu

Sehemu ya Kumi na Moja

Wiki iliyopita nilimwacha Ernesta mlangoni mwa duka lake pale Suji, pakiti ya tangawizi mkononi, sikio limeelekea bondeni, na ninyi wasomaji wangu mkaanza kunitumia meseji za kunilaumu. Mmoja wa Mwanga kaniuliza kama nina roho kweli. Ninayo, ndugu yangu. Ila ukurasa ulikuwa umejaa, na mhariri wangu hajui kubembelezwa.

Haya, tuendelee. Pembe ilikuwa inalia.

Ilikuwa inalia milio mifupi mifupi, bila kupumzika, na watu waliokuwa barazani pa duka walikuwa wanacheka.

"Dada Ernesta, punguza simu," alisema Jenifer, binti anayemsaidia kuuza dukani. "Na wateja hatusikilizani."

"Simu yangu iko mezani," Ernesta alisema. "Nimeitoa sauti tangu asubuhi."

Jenifer akageuka kuangalia. Simu ilikuwa imelala mezani, kioo cheusi, kimya. Na pembe bado inalia. Kicheko kikamkauka mdomoni.

Kwa wewe uliyenunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, sogea nikupe kwa kifupi, wenzako wavumilie kidogo.

Kule milimani Upareni, kukiwa na kazi ya wote, kuzibua mfereji au kufukia mashimo ya barabara, hupigwa pembe. Kazi yenyewe inaitwa msaragambo. Pembe ikilia mlio mmoja mrefu, maana yake kesho asubuhi njoo na jembe lako. Ikilia mifupi mifupi mfululizo, hapo hakuna kesho wala jembe. Acha ulichoshika, beba mtoto, panda juu. Hata mtoto wa chekechea Suji anaijua tofauti hiyo.

Sasa Ernesta anasaga tangawizi na kuifunga kwenye pakiti zenye picha ya pembe. Biashara ilikuwa inachechemea mpaka alipokwenda kwenye semina ya wajasiriamali wadogo mjini Same. Mwalimu alikuwa Muhidin, kijana wa mjini hapo hapo, baba yake anauza vitambaa karibu na stendi. Muhidin ana maneno, we acha tu. Aliwaambia mtu akifungua simu yake, mwenye biashara ana sekunde tatu tu. Asipomshika hapo, kidole kimeshampita. Akawaambia watengeneze sauti yao wenyewe, mteja aisikie hata akiwa jikoni ajue ni wao.

Ernesta akapanda kwa mzee Hezroni, mpiga pembe, akamwomba ampigie ule mlio mrefu wa jembe, akaurekodi. Muhidin alipousikiliza alitikisa kichwa. Mrefu mno, alisema, mtu atasinzia. Akaukata vipande kwenye simu, akaunganisha vipande, akapata sekunde tatu safi. Mifupi mifupi. Yeye ni mtu wa tambarare, hakujua amekata nini.

Ernesta alijua. Mwili ulimsisimka aliposikia, na bado akanyamaza, kwa sababu tangazo la tangawizi lilikuwa limeshapaa mtandaoni na oda zilikuwa zinaingia kutoka Arusha mpaka Dar. Kwenye semina waliambiwa pia kwamba biashara haiombi radhi na kiongozi harudi nyuma mbele ya wafuasi wake. Ernesta akajifunika na shuka hilo. Mzee Hezroni alipokuja dukani kumsihi aitoe ile sauti, akamwambia, "Nitaitoa, baba," akaiacha pale pale.

Wiki ya kwanza, mtu mmoja kitongoji cha Bondeni alilipiga lile tangazo kwenye spika kubwa. Mwenyekiti wa kitongoji, Melkizedeki, akatoka mbio na mke wake, godoro kichwani. Watu wakamrekodi. Video ya godoro ikatazamwa kuliko tangazo lenyewe. Toka hapo kila mtu kaiweka pembe kuwa mlio wa simu, na Bondeni pembe inalia kutwa kucha, na hakuna anayegeuza hata shingo.

Mmenielewa? Basi turudi mlangoni.

Ernesta aliitupa ile pakiti, akaikwapua simu, akakimbia mpaka uwanja wa kanisa. Ukisimama pale unaliona bonde lote. Unaiona na ndiva, lile bwawa la mababu la kumwagilia mashamba, ukingo wake wa udongo na mawe ambao kijiji kiliuinua miaka ya karibuni ili ubebe maji mengi zaidi. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Asubuhi hiyo ilikuwa imekatika, jua limetoka vizuri, na Bondeni watu walikuwa wameanika nguo.

Upande wa pili wa ndiva, juu ya jiwe, alisimama mzee Hezroni. Alikuwa anapiga pembe, anavuta pumzi, anapiga tena. Na chini ya ukingo, mahali palipokuwa na majani mabichi siku zote, Ernesta aliona doa la kahawia. Lilikuwa limelowa, linang'aa, na maji yalikuwa yanatiririka kutoka ndani yake kuelekea kwenye mapaa ya watu.

Mama yake mzazi, mama Eliakunda, anaishi Bondeni, ng'ambo ya kijito, nyumba ya karibu kabisa na ndiva. Ana goti bovu, anatembea na mkongojo, na simu yake ndogo hukaa imezimwa kabatini ili betri isiishe.

Nyuma yake gari likafunga breki. Alikuwa Muhidin, amepanda kutoka Same na kamera yake, maana siku hiyo walipanga kurekodi tangazo jipya, na Suji nzima ilikuwa na habari. Alishuka akitabasamu. Akasema mzee leo kajitahidi kweli, pembe inasikika toka kona za barabarani, asimamishwe kwanza mpaka kamera iwe tayari.

"Hajaitwa na mtu," Ernesta alisema. "Hiyo ni ya kweli. Angalia ukingo."

Muhidin aliangalia. Tabasamu likaondoka usoni pake polepole. Akauliza kwa sauti ndogo kama watu wa chini wanajua. Ernesta akamwambia wanadhani ni tangazo.

Ernesta alimpigia Melkizedeki. Simu ikapokelewa kwa kicheko.

"Nimesikia, mama, nimesikia," mwenyekiti alisema. "Leo mmetumia pembe yenyewe kabisa. Mwambieni mzee apumzike, mjukuu wangu kalala."

"Mwenyekiti, ndiva inavuja. Watoe watu."

"Mara ya kwanza nilitoka na godoro, Ernesta. Mpaka leo nikipita sokoni wananiuliza foronya iko wapi. Mara ya pili hunipati."

Akakata. Ernesta akapiga tena, ikaita tu. Na kila ikiita, jamani, Ernesta alijua kinachosikika kule chini mfukoni mwa mwenyekiti. Ni pembe. Mifupi mifupi.

Ernesta alipomtajia mama yake, Muhidin alisema anashuka na gari kumchukua, kwa barabara ya kuzungukia darajani. Ernesta alitaka kuingia naye. Mguu mmoja ulikuwa tayari ndani ya gari alipokumbuka kwamba kwenye barabara ile ya darajani, ukiteremka kidogo tu, mtandao hukatika mpaka ufike chini. Ukurasa wa mtandaoni wa tangawizi uko kwenye simu yake, na karibu Bondeni yote inaufuata. Akautoa mguu. Moyo wake ulikuwa unamwambia nenda kwa mama, nenda kwa mama, na yeye akabaki.

Akafungua laivu.

Aliongea akihema. Aliwaambia wasimame, watoke, wapande juu, ndiva inavuja, pembe wanayoisikia si yake. Aliigeuza kamera kuelekea ukingo, lakini kwenye simu lile doa lilionekana dogo kama alama ya kidole. Watazamaji walianza kuingia. Mioyo myekundu ikapanda kwenye kioo. Mtu wa Dodoma akaandika kwamba dada anajua kuigiza. Mwingine akauliza ofa inaanza lini. Mwingine, wa Bondeni huyo, Ernesta alimtambua kwa jina, akaandika, "Hapo kwenye kuhema umetisha," akaweka vicheko.

Ernesta akaacha kupiga kelele. Akaiweka simu karibu na uso, akasema lile jambo aliloambiwa mfanyabiashara halisemi.

"Nisameheni," alisema. "Ile sauti tuliikata. Mlio wa jembe tukaufanya mlio wa hatari, na mimi nilijua, na nikaiacha kwa sababu ilikuwa inaniletea wateja. Mzee Hezroni aliniomba niitoe, nikamdanganya. Leo ni kweli. Nawaomba mtoke."

Alikuwa analia. Na mimi ninayewasimulia nawaambia, hakuna aliyemwamini. Mioyo iliongezeka maradufu. Wakamwandikia kwamba amewaliza. Wakamwuliza bidhaa mpya inaitwaje.

Hofu ya namna hiyo sijui kama umewahi kuipata. Unasema kweli tupu, machozi yanakutoka, na watu wanakupigia makofi.

Simu ikatetemeka mkononi, ni Muhidin, yuko kwenye kona ya mwisho ambapo mtandao haujakatika bado. Alikuwa ameitazama laivu huku akiendesha, kosa la kushushwa na trafiki, lakini leo tumsamehe.

"Usiwaambie wakimbie kitu," alisema haraka haraka. "Hawatakimbia. Waambie waje kuchukua kitu."

Mtandao ukakata.

Ernesta akafuta machozi kwa kiganja, akarekebisha kitambaa chake, akaivuta sura ya dukani akaivaa. Wasomaji wangu, ilimuuma kuivaa sura ile kuliko alivyoumia kuomba radhi. Akarudi hewani akitabasamu.

Akasema haya, mmenikamata, ni tangazo. Akasema leo tunapiga picha kubwa ya watu wa Bondeni hapa uwanja wa kanisa, na kila atakayefika ataonekana, na atapewa tangawizi bure, pakiti kubwa. Tunataka familia nzima nzima. Bibi, wajukuu, mpaka mtoto mchanga. Mtu asibadilishe nguo, mje mlivyo, tena sasa hivi, kwa sababu jua likizidi picha inaharibika. Atakayemwacha mzee nyumbani hapati.

Akamaliza, akaketi chini kwenye nyasi.

Kwanza hapakuwa na kitu. Pembe tu. Halafu akaona mlango mmoja unafunguliwa kule chini, halafu mwingine. Akaona mwanamke anatoka na mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Akaona vijana wanasukumana njiani. Akaona bibi kizee amebebwa kwenye pikipiki, katikati ya watu wawili, amekumbatia begi lake. Bondeni ilikuwa inapanda mlima huku inacheka.

Ernesta alizika uso magotini akasema asante, sijui alikuwa anamwambia nani.

Wa kwanza walifika wanatoka jasho, wanauliza wasimame wapi. Jenifer alikuwa amekimbia dukani kuleta pakiti, anazigawa mbio mbio, zingine zinaanguka. Melkizedeki naye akafika na mke wake na mjukuu, safari hii bila godoro, akitaka kusimama mstari wa mbele kwa sababu yeye ni mwenyekiti. Ernesta alimshika mkono, akamgeuza bila kusema neno, akamwonyesha.

Lile doa halikuwa doa tena. Lilikuwa mdomo. Maji ya tope yalikuwa yanaruka kutoka ndani yake na vipande vya udongo, na kijito kilikuwa kimefurika mpaka kwenye ua wa nyumba ya kwanza, kimezibeba nguo zilizoanikwa kwenye nyasi.

Melkizedeki alimwangalia Ernesta, akaangalia chini, akamwangalia tena.

"Wote wametoka?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine kabisa.

Ernesta akamwambia ahesabu watu wake, yeye ndiye anayewajua. Kelele za uwanjani zikapungua mtu mmoja mmoja kadiri watu walivyogeuka kuangalia. Wengine wakapiga magoti. Mama mmoja aliikumbatia pakiti yake ya tangawizi kifuani. Hakuna aliyemshukuru Ernesta, na wala hakutaka ashukuriwe. Alikuwa anatazama barabara ya darajani, anasubiri gari la Muhidin lipande na mama yake ndani.

Nyumba za upande huu zilikuwa tupu, mwenyekiti alisema. Wa ng'ambo ndio bado hajawaona, ila si wengi, na labda wanakuja na gari.

Simu ikatetemeka tena. Muhidin alikuwa amepanda juu kidogo ng'ambo ya pili kutafuta mtandao unaoshika vizuri.

"Dada, mama hayupo," alisema.

"Angalia jikoni. Huwa hasikii vizuri akiwa jikoni."

"Nimeangalia kote. Mlango kaufunga kwa kamba. Nyumba za jirani nazo hakuna mtu. Nimemkuta baba mmoja tu na mbuzi wake, nimemwingiza kwenye gari. Anasema binti wa jirani alikuwa anaangalia simu, akamsimulia mama yako ulivyosema. Anasema mama alifurahi sana. Alisema mwanangu akiita familia, mimi nitakosekanaje. Kavaa kitenge cha njano na kitambaa kipya, wameondoka na wanawake wenzake muda si mrefu."

Ernesta alihisi kifua kinafunguka. Wameondoka. Mama ametoka, goti lake na mkongojo wake na yote.

"Basi umewapita njiani," alisema. "Rudi uwachukue, wasichoke."

Muhidin akageuka kuiangalia barabara aliyojia.

"Dada, mimi nimekuja kwa barabara yote ya darajani," alisema. "Sikupishana na mtu."

Hapo ndipo Ernesta alipoelewa. Amezaliwa ng'ambo ile. Kila Jumapili ya utoto wake aliletwa kanisani ameshikwa mkono na mama yule yule, na hata siku moja hawakuwahi kuzungukia darajani. Nani azunguke kote huko kwa miguu? Mtu wa ng'ambo akitaka kuja kanisani hupanda mpaka kwenye ndiva, akavuka juu ya ukingo, akatokea upande huu. Ernesta aliwaambia waje haraka. Hakuwaambia wapite wapi.

Akageuza macho polepole kwa sababu hakutaka kuona.

Walikuwa wameshaingia kwenye ukingo. Wanawake, mmoja nyuma ya mwingine, wanapita juu ya ule mdomo wa maji bila kuuona, kwa sababu ulikuwa chini ya miguu yao, upande wa nje. Mzee Hezroni alikuwa ameitupa pembe yake kwenye jiwe. Alikuwa anapunga mikono yote miwili, anaruka ruka na uzee wake, anawafukuza warudi, sauti yake haiwafikii toka pale kwenye jiwe. Nao wakampungia. Walijua leo kuna kamera, wakadhani mzee naye yuko kwenye tangazo.

Wepesi walivuka, wakatokea upande wa huku, wakaendelea kupanda wakizungumza. Aliyebaki nyuma alikuwa mmoja, anakuja taratibu na mkongojo, kitenge cha njano kinawaka juani.

Ernesta alipiga ukelele uliowafanya watu uwanja mzima waruke. Lakini kutoka kanisani mpaka kwenye ndiva sauti ya mtu haifiki, unachoweza kuona ni nguo na mikono tu. Akaanza kukimbia kuteremka, akaona hatafika, akasimama juu ya tuta la shamba na kuinua mikono yote miwili juu, viganja mbele, kama mtu anayezuia gari. Rudi, mama. Rudi ulikotoka.

Mama Eliakunda aliinua kichwa. Macho yake ya mbali hayana kasoro. Alimwona binti yake juu ya tuta amenyoosha mikono, akaielewa ishara ile kwa namna yake, namna ya mtu aliyeitwa kupigwa picha.

Akasimama katikati ya ukingo, akauegemeza mkongojo kiunoni, akanyoosha kitambaa kichwani kwa mikono miwili, na akatulia tuli ili atoke vizuri.